Nilimpelekea Mama Sanda, Naye Yu Hai Bado

Itumba, Juni 1955

Bibi Nesta mpendwa,

Nakuandikia nikiomba unisaidie, maana akili zangu zimefika mwisho, na nakuomba pia unifichie jina, kwa sababu jambo hili likisomwa gazetini na watu wanaonijua sijui uso wangu nitaupeleka wapi.

Mimi ni mtoto wa Isansa, wa nyumba ya wakulima wa kahawa, na kwa neema ya Mungu na jasho la mama yangu nilisoma misheni, nikaenda Tabora, nikaenda Makerere, na mwisho nikavushwa bahari hadi Uingereza ambako natafuta shahada ile ya juu kabisa wanayoiita udaktari, ila si udaktari wa sindano na vidonge, ni wa elimu ya watu na mila zao, na jambo nililopewa kulichunguza ni kufa, yaani watu wetu wanauguzwaje, wanaagwaje, nani anakaa kichwani pa mgonjwa na nani miguuni, nani anaanza kulia, nani anachimba, nani ananyolewa. Najua utashangaa Bibi kwamba mtu anaweza kupelekwa ng'ambo kusomea kitu ambacho kila mtu atakifanya bila kusoma, hata mimi nilishangaa, lakini mwalimu wangu mkuu wa huko alisema habari hizi zimeandikwa na wageni tu waliosimama nje, na mimi nikajivuna moyoni kwamba nitakuwa mtu wa kwanza kuziandika akiwa ndani.

Basi tangu mwaka jana nazunguka na baiskeli kati ya Mbozi na Ileje na huko kwenu mpakani, nikisikia mahali kuna mgonjwa aliyezidiwa nakwenda, nabisha hodi, naomba ruhusa kwa wazee wa nyumba, nakaa pembeni, naandika. Na kwa kuwa niliona haya kuingia mikono mitupu kwenye nyumba yenye shida nikajizoesha kubeba sukari pamoja na bafta, kile kitambaa cheupe cha kuzikia, nikawa kila nyumba naiachia kipande, na watu wakinishukuru sana, maana bafta vijijini haipatikani kwa urahisi na wengi wamezikwa na blanketi lililochakaa. Kumbe nyuma yangu wanasema. Wanasema baiskeli yangu ikionekana, mgonjwa haoni Jumapili nyingine. Kuna mama mmoja njia ya Mpemba, mimi napita zangu tu, sina habari na nyumba yake, akatoka na ufagio mkononi akanipungia akisema, "Pita baba, pita tu, hapa hatuumwi, tunakohoa!" Nilicheka siku ile, Bibi. Nilifika hata kwa rafiki yangu Danford nikamsimulia tukacheka wote.

Mwezi uliopita habari zikanifikia kwamba mama yangu mwenyewe anaumwa. Miguu imevimba, tumbo limefuata, pumzi imekuwa fupi hata hawezi kulala chali, na hospitalini walimwangalia wakawaambia ndugu wamrudishe nyumbani apumzike, na sisi wenye kuelewa tunaelewa neno hilo. Yeye hakuambiwa. Baba mdogo, aliyelima na mama shamba letu tangu baba alipofariki, alikataza mtu yeyote asimwambie, na mama kila anayekuja kumwona anamwambia, "Mwanangu daktari yuko njiani, akifika nitaamka nikachume kahawa yangu." Mara ngapi nimemweleza kwamba mimi si daktari wa namna hiyo, na kila mara hunijibu, "Daktari ni daktari, usinichanganye."

Nilifika Isansa mchana, jua la baridi, watu wako uani wanachambua kahawa. Sasa sikiliza nilichofanya. Miguu yangu kwa mwaka mzima imejifunza njia moja tu ya kuingia nyumba ya mgonjwa, na nilipoegemeza baiskeli kwenye ua miguu ikaifuata njia ile ile, nikasimama mlangoni, nikasema hodi, nikamwinamia baba mdogo nikamwambia, "Wazee, naomba ruhusa yenu nimwone mgonjwa." Watu walidhani nafanya mzaha. Baba mdogo akaniangalia akasema, "Mgonjwa gani? Huyo si mama yako?" Na mimi hata hapo sikuzinduka, Bibi, kwa sababu mlango ulikuwa wazi, kitanda cha mama kinaelekea mlangoni, na macho yangu yalikuwa yamekwisha kuingia kabla yangu, yakaona kigoda kichwani pa kitanda na hakuna aliyekikalia, yakaona shangazi miguuni, yakatafuta mahali pa mimi kukaa ili nione vizuri. Kwa mama yangu mzazi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote.

Dada yangu alikuwa mwenye furaha, alikimbia akafungua mkoba wangu nyuma ya baiskeli atoe sukari ya uji wa mama, akaivuta sukari, na bafta ikatoka nayo, ikafunguka, ikamwangukia mikononi na kuburuta chini mpaka kwenye kahawa. Halafu dada akapiga yowe, na jirani mmoja aliyekuwa nyuma ya nyumba, aliposikia yowe lile, akadhani ndiyo tayari, akaanza kilio chenyewe cha msiba, na wanawake wakaanza kupanda kutoka mashambani wamejishika vichwa, na mama yangu yu mle ndani, mzima, anasikiliza analiliwa.

Baba mdogo hakupaza sauti. Alinisogelea akaniuliza polepole, "Umekuja kumpima urefu, Daktari?" Nikatazama ndani. Mama alikuwa ananitazama. Akaitazama ile bafta, akanitazama tena, kisha akajigeuza kwa shida akaelekea ukutani. Baba mdogo akasema, "Ondoka. Ukirudi hapa uwe umeitwa."

Sasa niko Itumba kwa Danford, ambaye ni mwalimu wa shule hapa. Yeye ananiambia nichome moto kila nilichoandika nikatafute kazi ya ualimu. Baba mdogo amemtuma mtu kuniambia kwamba mama tangu siku ile hasemi habari za kahawa, na kwamba nikiingia tena mle ndani atajua hakika anakufa na ataachia roho, kwa hiyo kama nampenda nikae mbali. Na mwalimu wangu wa Uingereza, nilipomwandikia kwamba mama anaumwa, alinipa pole, kisha akasema kwamba ikitokea la kutokea nisikose kuwepo, maana kifo cha nyumba ambayo mimi ni mtoto wake kitakuwa sura bora kuliko zote za kitabu changu, na kwamba nafasi yangu chuoni inaningoja ila haitangoja sana, nami nimekwisha kukatiwa nafasi kwenye meli ya mwezi ujao. Nikiwaza kwenda nyumbani, nasikia yale maneno ya kumpima urefu. Nikiwaza kutokwenda, namwona amegeukia ukuta. Je, Bibi, niende au nikae? Na kazi hii niiache? Nijibu kama ungemjibu mtoto wa nyumbani kwako.

Ni mimi,
Daktari Asiye na Dawa

*

BIBI NESTA ANAJIBU

Mjukuu wangu,

Barua yako Mwalimu Timotheo amenisomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilimkatiza sana. Mimi sikusoma, wasomaji wangu wote wanajua hivyo, mimi nasema naye anaandika, na leo nimemwambia aandike kama ninavyosema asininyooshee maneno. Jibu hili limekwisha kuondoka na Luka anayepeleka chumvi Itumba kwa baiskeli, maana mama yako hawezi kulingoja gazeti. Hapa tunalichapa kwa ajili ya wengine wenye kichwa kama chako, na wapo.

Jina lako nimelificha. Ila kwa habari hiyo ya bafta, baba, Isansa nzima inakujua, hata mbuzi wao.

Kwanza pole. Pole sana, mwanangu. Njoo hapa nikushike kichwa. Kuona mama amekugeuzia mgongo hakuna shule inayomfundisha mtu kulibeba hilo. Nimekaa na barua yako jikoni mpaka ugali ukaungua, na Timotheo ameula hivyo hivyo bila kusema kitu, ujue nilivyokuwa nimekasirika na kusikitika pamoja.

Sasa nikugombeze.

Nani alikufundisha kupeleka bafta kwa mtu anayepumua? Sukari sawa. Kuni sawa. Kuku akiwepo, lete kuku. Bafta inakuja mtu akishalala, inaingia na wanawake, imekunjwa ndani ya kanga, haitangulii mbele ya kifo kama karani wa kodi. Unasema walikushukuru. Ndiyo, watu wetu wakipewa kitu na mgeni wanashukuru. Ungewaletea jeneza wangesema ahsante, wakuandalie na chakula, halafu ukishika njia wanaulizana huyu katumwa na nani. Yule mama wa ufagio ndiye pekee aliyekuambia ukweli, na wewe ukamcheka. Siku ukipita Mpemba simama umsalimie, umwombe radhi, na usiwe umebeba mkoba.

Hiyo bafta lakini siyo kosa kubwa. Kosa kubwa ni hodi.

Hebu kaa mahali pa mama yako. Amelala hapo, pumzi inagoma, anasikiliza njia. Kila baiskeli inayopita anaijua siyo ya mwanawe. Siku hiyo anasikia inayokuja, anaijua tangu kona. Moyo unamwenda mbio, pengine hata uvimbe umesahaulika kidogo. Halafu anasikia nini? Hodi. Anasikia sauti aliyoinyonyesha inaomba ruhusa kumwona mgonjwa. Mwanangu! Anayepiga hodi ni mgeni, ni tarishi wa Bwana Shauri, yule mzungu wa bomani, ni mwinjilisti mpya. Mtoto anaingia tu, anapita moja kwa moja jikoni anafunua chungu.

Na kile kigoda. Umekiandika mwenyewe kwenye barua yako kisha ukakipita. Unasema umezunguka mwaka mzima ukiuliza nani anakaa kichwani pa mgonjwa. Walikuambia nini? Walikuambia anakaa yule ambaye mgonjwa mwenyewe amemtaja, na mwingine hakai hapo hata kama amechoka kusimama. Sasa shangazi yako yuko miguuni, dada yako yuko uani, nyumba imejaa ndugu, na kigoda kiko kitupu kichwani pa mama yako. Ulidhani walikisahau pale? Kigoda kile ni chako, mjinga wangu. Mama yako amekuwekea mahali, amewakatalia wote, na wewe ukasimama mlangoni ukatafuta pembe ya kukaa uone vizuri.

Ndiyo sababu akageukia ukuta. Hakutaka umwone analia.

Unafikiri aliogopa ile bafta? Ngoja nikuambie siri ya wanawake wa umri wangu, Timotheo ameziba masikio. Mimi bafta yangu ipo. Nilinunua kwa Mhindi wa Tunduma mwaka ule wa mavuno mazuri ya ulezi, iko chini ya sanduku, na kila kiangazi naitoa naianika isiliwe na mende. Wajukuu wanadhani ni kitambaa cha meza ya Bwana. Mwambie dada yako afungue sanduku la mama yenu, apite kanga za kanisani, apite shuka la harusi, aende mpaka chini kabisa. Asipoikuta, niite mwongo mbele ya kanisa. Mwanamke aliyezaa na kuzika, aliyeosha mama yake na mama mkwe wake, anaijua miguu iliyovimba inakwenda wapi. Aliijua kabla ya hospitali. Yale maneno ya kuamka achume kahawa alikuwa anamwambia dada yako, ili dada yako apate kulala. Nyinyi mnamficha yeye, yeye anawaficha nyinyi, na nyumba nzima mnatembea kwa ncha za vidole mkizunguka jambo ambalo kila mmoja analo mfukoni.

Kwa hiyo baba yako mdogo amekosea, ingawa simlaumu. Ana mdomo mkali kwa sababu anaogopa, naye ni shemeji yake, wamelima pamoja shamba hilo tangu baba yako alipofariki. Lakini hakuna mama anayeuawa na mtoto wake kuingia ndani. Kinachomwumiza ni huko Itumba uliko.

Sasa nikuambie langu, nikishasema nitalinyamazia. Nilikuwa na mtoto, Jonasi. Alivuka hapa Tunduma akaenda na wenzake kwenye migodi ya shaba huko Rodezia, kijana mrefu, mcheshi, anaimba besi kanisani. Kiangazi kimoja akaja mtu nisiyemjua, kapitia Nakonde kwa ndugu zetu wa upande ule, kabeba blanketi la Jonasi na kikombe chake cha bati. Akasema Jonasi alifariki wakati wa mvua, kaburi lake lilikwisha kuota majani. Nikamwuliza, nani alimfumba macho? Akasema hajui. Nani alimpa maji? Hajui. Alisema neno gani la mwisho, na kwa lugha gani, yetu au ya huko? Hajui, alikuwa zamu ya chini mgodini siku hiyo. Alikuwa mtu mwema yule, alilia kwa sababu hajui. Nikampikia, akala, akaenda zake.

Kifo cha Jonasi nilikwisha kumwachia Mungu. Yale maji ndiyo sijayaachia. Mpaka leo nikichota kikombe nakaa najiuliza nani alimpa maji mwanangu.

Ndiyo maana usiniletee habari za kuchoma moto ulichoandika, na huyo Danford mwambie Bibi amesema kiberiti chake kiwashe jiko. Ningeomba nini mimi kwa Mungu zaidi ya kwamba siku ile, mle bwenini mwa wachimbaji, angekuwepo kijana kama wewe, amekaa pembeni na kalamu yake, akaandika: Jonasi alipewa maji na fulani, akashikwa mkono na fulani, akasema hivi. Basi. Ningekuwa nimemwomba Timotheo anisomee hilo kila Jumapili badala ya barua za watu waliogombana na wakwe. Vitabu vyako sivijui, na hiyo shahada sijui inafananaje. Lakini kuna mama mahali fulani atataka kujua mtoto wake alikufaje, na wewe ulikuwepo. Kazi yako ni nzuri. Umeifanya vibaya kidogo, utaifanya vizuri zaidi.

Isipokuwa kwa mama yako. Mama yako si sura ya kitabu cha mtu. Huyo mwalimu wako wa ng'ambo simtukani, naye anatafuta kazi yake iende. Mwandikie: mama yangu anaumwa, nimekwenda nyumbani, meli nimeiacha. Usiongeze neno. Wazungu nao wana mama, ataelewa, na asipoelewa atazoea. Nafasi yako chuoni inaweza ikakupita, na ikikupita itakuuma, sikudanganyi, utakaa miaka unaisikia. Ila hilo ni la kulia nalo baadaye. Nami nikiwa hai bado, njoo tulilie wote hapa kwangu.

Na hayo macho yako yaliyopima nyumba ya mama, acha kuyalaani. Marehemu mume wangu alikuwa mwezekaji. Siku ya kumzika mama yake alisimama katikati ya kilio akatazama juu, akaona nyasi zimeachia, mvua itaingia. Watu wakamnong'ona, ona huyu, mama yake amelala hapo yeye anaangalia paa. Akapanda akaliziba. Usiku ule mvua ikanyesha na mama yake hakulowa. Wewe nawe umeona kigoda kitupu. Nenda ukakikalie.

Sasa sikiliza, usije ukanifanyia usomi hapa, fanya kama nisemavyo.

Ukiipata barua hii usimalize juma Itumba. Shuka kwa njia ya Isongole, ukifika Mpemba usikate moja kwa moja kwenda Isansa, pita kwanza Chapwa kwangu, uliza nyumba ya Bibi Nesta, kila mtu atakuonyesha na baadhi watakusengenya. Bafta uiache hapa. Mimi ni mzee, sitashtuka nayo, na kama ni nzuri kuliko yangu nitakuambia, tutabadilishana. Kalamu na makaratasi uache hapa pia, nitayafunika na ungo, hakuna kuku atakayeyagusa. Utakula kwangu kidogo tu, nitakuambia kwa nini.

Isansa ufike mchana, watu wakuone. Baiskeli uikokote ukifika kona, mama asije akaisikia akaandaa moyo bure. Usipite mlango wa mbele. Zunguka nyuma, jikoni, pale penye magogo. Shoka unajua linapokaa, umekulia hapo. Mbozi mwezi huu ni baridi, nyumba ya mgonjwa inakula kuni kama moto wa kuchoma matofali, na najua hapo hakuna mwanamume aliyepata nafasi ya kupasua za kutosha, wote wako kwenye kahawa. Pasua. Baba yako mdogo atakuja na mdomo wake. Atakuambia, "Nilikuambia nini?" Mwamkie, "Shikamoo, baba." Akisema tena, sema shikamoo tena, endelea kupasua. Usijitetee, usimweleze elimu yako, usilie mbele yake, maana naye ataanza na kazi itasimama.

Alisema urudi ukiitwa. Utaitwa. Mgonjwa aliyelala anasikia kila kitu, na hakuna mama asiyejua mkono wa mwanawe kwenye shoka. Atauliza, "Nani huyo anapasua kuni?" Dada yako atashindwa kudanganya. Mama atakuita kwa jina lako la nyumbani, si hilo la udaktari, na sauti yake itakuwa ndogo kuliko ulivyoizoea. Usiogope. Kung'uta miguu uingie.

Kaa kwenye kigoda. Usiombe msamaha siku hiyo, atakuambia amechoka. Usimwulize maumivu yako wapi wala yalianza lini, ameulizwa na kila mtu. Akikuambia, haya daktari, nitibu, usianze tena kumweleza daktari wa namna gani. Pasha mafuta kidogo, mshike miguu umkande polepole kuelekea juu, kila siku, mpaka siku yenyewe ifike. Amesema mwenyewe, daktari ni daktari. Akitaka kukueleza azikwe wapi, mwache aeleze, usimwambie mama usiseme hivyo. Hiyo ndiyo kazi uliyoisomea, sasa ifanye bila kalamu. Na maji umpe wewe. Kwa mkono wako. Usimwachie mtu.

Utakapokuwa umekaa pale, kabla hajasema jambo lolote la maana, atakuangalia vile ulivyokonda atakuuliza kama umekula.

Sema bado.

Hata kama umeshiba, mwanangu, sema bado, mama. Umwache ainue kichwa akamwite dada yako, amwamuru akuletee chakula, amgombeze kwamba kimepoa. Kisha ule mbele yake, ukimalize.

Ni mimi Bibi yako,
Nesta wa Chapwa